Muuguzi Anapokunywa Chai

Mwananchi anayeuguza mtu wake hospitalini hukasirika akimwona muuguzi ameketi akinywa chai huku wagonjwa wakisubiri. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini huenda muuguzi huyo ameingia zamu ya usiku, akagawa dawa wodi nzima, akawapasha jamaa habari za kifo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kitanda kinachofuata.

Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu unaoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa vyema. Halikuuita ugonjwa. Lilitaja mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuhisi kazi yake haifai tena. Wodini, hilo la pili ndilo mgonjwa hulihisi upesi, kwa majibu ya mkato.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mapumziko ya katikati ya zamu nayo yanategemea wenzake. Muuguzi huwakabidhi wagonjwa kwa mwingine, kisha hutoka wodini. Anayekula huku akijibu maswali ya jamaa hajapumzika, na aliye peke yake zamuni hana wa kumkabidhi.

Jamaa akihitaji msaada wakati huo, amwulize muuguzi aliyeachiwa wodi. Ikiwa ni dharura, amwite mhudumu yeyote aliye karibu, hata aliye mapumzikoni.