Kumfundisha Mbwa Kutii

Katika vijiji vya Njombe mbwa hulala nje usiku wa baridi, akilinda nyumba, mbuzi na kuku. Watu humwita mlinzi, lakini wengi hawamfundishi neno hata moja. Naye akikosa, humpiga. Basi katika somo hili tutaona jinsi mbwa afundishwavyo kutii, na kwa nini fimbo si mwalimu mwema.

Tufikiri habari ya kijana akaaye Makambako. Mji huo u njia panda: barabara itokayo Iringa hugawanyika hapo, moja huenda Mbeya, na moja huenda Njombe, kadiri ya kilomita 60, hata kufika Songea. Malori hupita mchana na usiku. Siku moja mbwa wake, jina lake Simba, aliiba nyama jikoni, akaila uani. Kijana akaita, "Simba, njoo!" Simba akaja akitikisa mkia, kijana akamchapa. Siku ya pili Simba alikuwa akivuka barabara, na lori linakuja. Kijana akapaza sauti, "Njoo! Njoo!" Simba akasimama katikati ya barabara, akamtazama, asije. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na Simba akaponea chupuchupu.

Je, Simba alikuwa mkaidi? Sivyo. Alikuwa amejifunza somo lake sawasawa, ya kuwa mwenye kuitikia neno "njoo" hupigwa. Kijana alidhani ameadhibu wizi. Lakini wizi ulikuwa umekwisha, na mbwa alipigwa baada ya kuja. Mbwa hafahamu mawaidha. Huunganisha mambo mawili yafuatanayo upesi. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona ya kuwa mbwa zake walidondoka mate kabla ya kuletewa chakula, mara walipopata dalili ya kuwa chakula kinakuja.

Kwa hiyo ukitaka kumfundisha mbwa, fanya hivi:

1. Kaa. Shika kipande kidogo cha ugali, au dagaa mmoja, mbele ya pua yake. Sema "Kaa" mara moja tu, ukiinua mkono polepole kuelekea kisogo chake. Akifuata kwa kichwa, makalio yatashuka yenyewe. Mara yagusapo chini, sema "Vema!" umpe. Usimsukume.

2. Njoo. Anza uani, karibu, ukiwa umemfunga kamba ndefu. Akija, msifu na kumpa kitu, hata akiwa amechelewa. Usimwite kamwe ili kumwadhibu. Ukitaka kumwogesha au kumfunga, mwendee wewe mwenyewe.

3. Ngoja. Akiisha kukaa, rudi nyuma hatua moja, kisha mrudie umpe. Kesho rudi hatua mbili. Baadaye mfundishe kungoja mlangoni kabla ya kutoka njiani.

Somo moja lisizidi dakika tano, mara mbili kwa siku, kabla hajala. Watu wote wa nyumba watumie neno lile lile. Baba akisema "Kaa," mama akisema "Keti," na bibi akitumia neno la Kibena, mbwa atajuaje?

Huko Morogoro shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akinusa vema husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula papo hapo. Ikiwa panya ajifunza hivyo, si zaidi mbwa, aliye rafiki wa mtu?

Tena utii huu huokoa maisha ya watu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha kutokea, lakini mbwa akichanjwa hukingwa. Siku ya chanjo mbwa asiyejua kamba wala kukaa hashikiki. Hukimbilia porini, hubaki bila kinga, na hatari hubaki na watoto wa nyumba ile. Nawe ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, ukaende hospitali siku ile ile.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Anza na mtoto wa mbwa mapema. Lakini hata mbwa mzima hujifunza, mwalimu wake akiwa mvumilivu. Kijana wa Makambako naye alilazimika kuanza upya, kwa dagaa na maneno mema, majuma mengi, hata Simba akaamini tena ya kuwa kuitwa si kupigwa.

Maswali
1. Kwa nini Simba hakuja alipoitwa barabarani?
2. Kijana angalifanya nini alipoona nyama imeibwa?
3. Eleza jinsi ya kumfundisha mbwa neno "kaa."
4. Kwa nini watu wote wa nyumba watumie neno moja?
5. Mtu aliyeumwa na mbwa afanye nini kwanza?