Makadiani: Tunakijua tunachokikataa?

MIAKA michache iliyopita nilikwenda Kirando kwenye msiba wa shangazi yangu. Usiku wa pili, baada ya kisomo, ulizuka mzozo barazani ambao mpaka leo haujanitoka moyoni.

Ba'mkubwa wangu, mzee wa zaidi ya miaka 80, anayo Qur'an yenye tafsiri ya Kiswahili. Aliipata Ujiji akiwa kijana, akarudi nayo kwa meli ya Liemba. Jalada lilishachakaa, amelishona kwa uzi wa nyavu. Usiku ule kijana mmoja aliyekuwa ametoka masomoni alitupa darasa fupi, akataja Suratul-Ahzab aya ya 40. Ba'mkubwa akafunua kitabu chake, akasema taratibu, "Mwanangu, kwangu mimi hapa ni ya 41."

Kijana akakiomba, akatazama kurasa za mwanzo, akakiachia mkekani kama aliyeshika kaa la moto. "Hii ni ya Makadiani! Mpaka namba za aya wamebadilisha!" Wengine wakadakia kwamba kichomwe. Mmoja akathubutu kusema mzee akifa nacho asizikwe na Waislamu. Ba'mkubwa hakujibu neno. Nami, niliyetoka Dar es Salaam na kujiona msomi, nilinyamaza pia. Sikuwa na jibu.

Niliporudi nilianza kusoma. Kitabu kile kilitoka Nairobi mwaka 1953. Aliyesimamia kazi hiyo ni Sheikh Mubarak Ahmad, mubalighi wa Ahmadiyya kutoka Bara Hindi, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934 na kufanya kazi Tabora. Kabla ya hapo Mswahili asiyejua Kiarabu alikuwa na tafsiri moja tu kamili, ya mwaka 1923, nayo ni ya Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza Zanzibar! Ndugu msomaji, hebu litazame jambo hilo. Pwani nzima imejaa masheikh, lakini tafsiri ya kwanza kamili ni ya padri na ya pili ni ya Makadiani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutafsiri, akafariki mwaka 1947 kabla ya kumaliza. Sheikh Abdallah Saleh Farsy hakuchoma kitabu cha mtu. Alikaa akafanya kazi, na mwaka 1969 Qurani Takatifu yake ikatoka ikiwa kamili, ndani yake mna maelezo yanayowajibu Makadiani. Ba'mkubwa alinunua kilichokuwepo sokoni siku zile.

Wenyewe hujiita Waislamu wa Ahmadiyya, na jina la Kadiani hawalipendi. Limetokana na Qadian, kule Punjab, alikozaliwa Mirza Ghulam Ahmad. Yeye alianzisha jumuiya yake mwaka 1889, akadai kuwa ndiye Mahdi na Masihi aliyeahidiwa, na kwamba amepewa daraja ya unabii chini ya Mtume Muhammad (saw). Alifariki mwaka 1908. Mwaka 1974 Rabita ya Makka ilitangaza kuwa wako nje ya Uislamu, na mwaka huo huo Pakistan ikabadili katiba yake kwa ajili hiyo. Kwetu hapa si watu wa mbali. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi wa Ujiji, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na Waziri wa Sheria mwaka 1963, alikuwa mubalighi wao.

Sasa tuje kwenye zile namba. Makadiani huhesabu Bismillah kuwa aya ya kwanza ya kila sura inayoanza nayo. Ndiyo maana Al-Ahzab 40 kwao ni 41, na Al-Imran 55 ni 56. Ukienda Suratut-Tawba, isiyo na Bismillah, namba zinalingana. Hakuna neno la Qur'an lililoongezwa wala kupunguzwa. Na je, Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu wengi, hakuona kuwa Bismillah ni aya? Kijana wetu aligombea pasipo na kosa, akaliruka kosa lenyewe.

Kosa liko katika maelezo. Aya hiyo inamtaja Mtume (saw) kuwa khatam wa Manabii. Wao wanasema huo ni muhuri wa ubora, kwa hiyo nabii asiye na sheria mpya, mfuasi wa Muhammad, anaweza kuja. Mtume mwenyewe ameshalifafanua, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, pale alipojifananisha na tofali la mwisho lililokuwa limebaki katika jengo. Jengo lililokamilika halina nafasi ya tofali jingine.

Kuhusu Nabii Issa (as) wanasema alikufa kifo cha kawaida na kaburi lake liko Srinagar, Kashmir. Hapa pana uzito, tusidanganyane. Neno la Al-Imran 55 wanalolitegemea, Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kuwa lina maana ya kufisha. Anayetaka kuwajibu aijue An-Nisaa 157 na 158, azijue hadithi za kushuka kwake, na ajue Kiarabu. Kelele hazitamsaidia.

Kesho yake asubuhi, pale mwaloni wanapoanika dagaa, nilimkuta kijana yule yule akitoa mhadhara kwa Wakristo. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Yesu aliteremshwa msalabani akiwa hai, amezimia tu. Watu wakaitikia takbir. Hoja hiyo tumeizoea katika mihadhara tangu miaka ya 1980, na Sheikh Ahmed Deedat aliitumia sana. Lakini Mirza Ghulam Ahmad alishaiandikia kitabu kizima mwaka 1899! Wafasiri wetu wanasema Issa hakuwekwa msalabani kabisa. Usiku anataka kitabu cha Makadiani kichomwe, asubuhi anahubiri yaliyomo.

Baadaye nilimpigia simu nikamwambia. Alikataa, akataka ushahidi, nami nikamtumia. Hajanijibu.

Ba'mkubwa nilimpelekea tafsiri ya Sheikh Farsy kwa basi la Sumbawanga. Ananiambia anazisoma zote mbili, ila namba za hiyo mpya bado zinampotosha.