Natembea Kila Siku, Mbona Sipungui?

Kijitabu cha afya kwa kaya za Kibiti na delta ya Rufiji

Anayeuliza swali hili mara nyingi ni mama aliyejitahidi kweli. Kila alfajiri anafunga kanga yake, anatembea haraka haraka pembeni ya lami mpaka jasho limtoke. Miezi miwili baadaye anapanda kwenye mizani ya zahanati na kukuta kilo zilezile. Majirani wanamwona mvivu, na mwenyewe anaanza kuamini. Mama, wewe si mvivu. Mazoezi yana kazi kubwa mwilini, lakini kupunguza kilo ni mzigo yasioweza kuubeba peke yake.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa, anatumia kalori zisizozidi sana 140. Soda ya kola ya mililita 350 inazirudisha zote. Chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, navyo vinazirudisha. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori 120. Basi akipita kwa mama ntilie kurudi nyumbani, akanywa chai na maandazi mawili, safari yote ya asubuhi imeshalipwa na deni limebaki. Na mwili uliotoka jasho hudai chakula: sahani ya mchana inaongezeka kidogo bila mtu kukusudia, na kwa kuwa miguu imechoka, sokoni anakwenda kwa bodaboda.

Lipo na jambo lingine, nalo limepimwa hapa hapa Tanzania. Baadhi ya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi bado wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali, na hutembea kilomita nyingi kila siku. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo miili yao inatumia kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe walitumia kalori karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mwili una bajeti. Ukiutumikisha sana upande mmoja, unabana matumizi upande mwingine, kwenye shughuli za ndani tusizoziona. Wahadzabe ni wembamba, lakini wembamba wao hauelezwi na mwendo peke yake. Chakula chao ni mizizi yenye nyuzinyuzi, matunda ya porini, nyama na asali. Kikaangio cha mafuta hakipo.

Sasa turudi kwetu. Mkulima wa Mbwera au Salale anapiga kasia kwenda shambani, anapandikiza mpunga matopeni, halafu analala kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori. Kaya yake ikihamia Kibiti mjini au Ikwiriri, ni kweli kasia limewekwa chini. Lakini ukichungulia jikoni utaona mabadiliko makubwa zaidi: mafuta yanamiminwa kutoka kwenye kidumu bila kipimo, sukari ipo kila siku, chipsi mayai zinauzwa kila kona na watoto wanajua soda kuliko madafu. Hali hii ni ya nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi.

Kuna na ulimi wetu. Mtu akinenepa tunamwambia, "Shemeji, umenawiri!" Akipungua tunamvuta pembeni: "Dada, unaumwa?" Mwanamke anayejitahidi kupungua anasikia swali hilo sokoni na kisimani mpaka anakata tamaa. Tumwache apumue. Tumuulize anaendeleaje.

Mahali pa kuanzia ni kikombe, kwa sababu ndipo palipo rahisi. Toa kijiko kimoja cha sukari wiki hii, kingine wiki ijayo, ulimi huzoea. Soda iwe ya sikukuu. Mafuta yapimwe kwa kijiko, na samaki achomwe au apikwe mchuzi badala ya kuelea kwenye mafuta. Tui zito la kikombe kimoja lina kalori zaidi ya 400. Hatusemi muache wali wa nazi, ila usiwe wa kila siku, na tui la pili linatosha kwa kisamvu. Nusu ya sahani iwe mboga: matembele, bamia, mchicha. Robo iwe wali au ugali, robo samaki au kunde. Chungu ni kimoja, kwa hiyo baba na watoto wale hivyo hivyo. Mama hawezi kupikiwa peke yake kama mgonjwa.

Na usiache kutembea! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, na jembe na kasia vinahesabiwa. Hata mizani isiposogea, presha hushuka, sukari ya damu hutulia, moyo na mifupa huimarika, usingizi huja. Kwa aliyefanikiwa kupungua, mazoezi ndiyo yanayozuia kilo zisirudi.

Pima kiuno mara moja kwa mwezi kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Mwanamke akivuka sentimita 80, au mwanamume 94, aende kituo cha afya apimwe presha na sukari. Mjamzito asijaribu kupungua. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na mhudumu kabla ya kupunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Na anayekonda bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, aende kupimwa wiki hiyo hiyo.