Je, Kiini cha Atomi Nacho Huchemka?

Maji yanapochemka sufuriani, jotoridi lake husimama palepale, nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari, mpaka tone la mwisho ligeuke mvuke. Huo ni mpaka halisi kati ya hali mbili za maada. Hata hivyo, mpaka huo una mwisho: ukifika nyuzi 374, kwa kanieneo takribani mara 218 ya ile ya angahewa, kimiminika na mvuke havitofautiki tena. Mahali hapo tupaite nukta ya ukomo.

Maada ya nyuklia nayo ina ramani yake. Protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki zilizofungwa na gluoni, na kwaki haijapata kuonekana ikiwa peke yake. Joto likikaribia kelvini trilioni 1.8, zaidi ya mara 100,000 ya joto la kitovu cha Jua, kifungo hicho hulegea. Mwaka 2005 watafiti wa maabara ya Brookhaven, Marekani, waliokuwa wakigonganisha viini vya dhahabu, walitangaza kwamba kinachopatikana si gesi, kama wengi walivyotarajia, bali ni kimiminika chepesi mno kutiririka.

Pale ambapo msongamano ni mdogo, hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kuwa hakuna mpaka. Mageuzi huja polepole, kama samli inavyolainika juani. Utata uko penye msongamano mkubwa. Huko hesabu zilezile hukwama, kwani namba chanya na hasi hufutana. Wananadharia wengi hutarajia mpaka halisi, na kama upo, sharti ukomee kwenye nukta ya ukomo. Nukta hiyo bado haijathibitishwa.

Njia iliyobaki ni majaribio. Nishati ya mgongano ikipunguzwa, viini huzuiana zaidi na kuacha maada yenye msongamano mkubwa. Kati ya 2010 na 2021 Brookhaven walishuka ngazi kwa ngazi, wakipima jinsi idadi ya protoni inavyoyumba kutoka mgongano hadi mgongano; karibu na nukta ya ukomo, myumbo huo unatazamiwa kubadilika kwa namna ya pekee.

Sisi wa tiba ya mionzi tuna ujirani na swali hili. Huko Darmstadt, Ujerumani, kituo cha GSI kilitibu wagonjwa wapatao 440 wa uvimbe kwa ioni za kaboni kati ya 1997 na 2008. Kando yake sasa unajengwa mtambo wa FAIR, ambao moja ya kazi zake ni kuichunguza sehemu hiyohiyo ya ramani.