Jasho katika Nchi ya Baridi

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa Mbulumbulu, wilaya ya Karatu, umri wangu miaka 49. Huku kwetu baridi ya mwezi wa saba haisemeki, lakini ajabu ni kwamba kila usiku, kwenye saa nane, naamka nimelowa jasho, natupa blanketi, na baada ya kitambo kidogo natetemeka, nalivuta tena. Basi hivyo hivyo mpaka majogoo. Nalala na mjukuu wangu. Dirisha nimeliziba kwa gunia, na jiko la mkaa tukishapika tunaliingiza chumbani litutie joto. Asubuhi kichwa kinaniuma, mpaka nitoke kwenda kukamua ng'ombe ndipo kinapoa. Binti yangu aliye Dar es Salaam ananicheka, ananiambia jasho ni la kwao wao. Nifanyeje nipate usingizi? – Mama wa Mbulumbulu.

JIBU: Mama, barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimesimama, kwani katikati ya habari za jasho na mablanketi ulipitisha, kama jambo dogo lisilo na uzito, habari ya jiko la mkaa kulazwa chumbani pamoja nawe na mjukuu wako, ilhali dirisha limezibwa. Umeniuliza namna ya kulala. Sina budi nianze na namna ya kuamka.

Mkaa unaoungua polepole chini ya jivu, katika chumba kisichoingia hewa mpya, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu ya kumtahadharisha aliyelala. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa inazunguka mwilini kwa bidii yake yote bila ya kuchukua kile ilichotumwa kuchukua. Dalili yake ya kwanza aghalabu ni maumivu ya kichwa, pengine na kizunguzungu na kichefuchefu, ambayo hupungua mtu akitoka nje na kuvuta hewa safi. Nawe umeandika kwa mkono wako kwamba kichwa chako hupoa uendapo kukamua. Si ng'ombe anayekuponya, mama. Watu wengi hudhani kwamba mkaa uliokwisha kutoa moshi umekuwa salama. Hasha, moshi ndio uliokuwa ukipiga kelele, na sasa umenyamaza. Mtoto, kwa kuwa hupumua haraka kuliko mtu mzima, ndiye hudhurika upesi zaidi.

Sasa tuje kwenye jasho. Mimi ni mzaliwa wa pwani, ambako katika miezi ya kaskazi joto huingia na mtu kitandani na kulala naye mpaka alfajiri, na wazee wetu walikuwa wakitoa mikeka yao barazani kutafuta upepo, kama vile leo wenye uwezo wanavyotazama pangaboi linavyozunguka darini na kuomba umeme usikatike. Kwa hiyo nilipopandishwa nyanda za juu za Karatu kwa kazi, nikaona ukungu ukishuka jioni kutoka msitu wa Ngorongoro na kufunika mashamba ya ngano, nilidhani nimefika mahali ambapo hakuna atakayelalamikia joto la usiku. Nilikosea. Nilikuta watu waliokimbia baridi ya nje kwa hima hata wakatengeneza pwani ndogo ndani ya chumba.

Kwa maumbile, mwili wa mwanadamu hauendi usingizini ukiwa na joto lile lile uliloshinda nalo. Jioni, giza linapoingia, mishipa ya damu ya mikono na miguu hutanuka, damu yenye joto hukimbilia kwenye ngozi, na joto la ndani hutoka kwa njia hiyo, likashuka kiasi cha nyuzi 1 hivi hata kufikia chini kabisa kwenye saa kumi za alfajiri. Kushuka huko ndiko kunakofungua mlango wa usingizi. Mtu aliyezuiwa kutoa joto lake, ama kwa hewa nzito ya Dar es Salaam isiyokausha jasho, ama kwa blanketi zito na jiko la Mbulumbulu, amefungiwa mlango ule ule. Fauka ya hayo, katika usingizi wa ndoto, ambao huja kwa wingi katika nusu ya pili ya usiku, mwili hulegeza sana ulinzi wake juu ya joto na baridi, hata mtu akawa kama nyumba isiyo na bawabu. Ndiyo sababu hukusumbuka saa tatu ulipojifunika kwa raha, ukaja kusumbuka saa nane.

Nchi yenu, mama, imejaaliwa dawa ambayo mijini hununuliwa kwa fedha nyingi. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7. Na mashamba yenu yamepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Manyara, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, liko kwenye mita 960 hivi. Muulize yeyote aliyeshuka huko kulala Mto wa Mbu, kwenye migomba na majaruba ya mpunga, atakueleza tofauti ya usiku wa huko na wa kwenu. Wazee wa Kiiraqw walijua kuitumia ardhi katika jambo hili: nyumba zao za kale zilichimbwa zikaegemea mlima, na mapaa yake ya tambarare yakafunikwa udongo, ambao hupokea joto polepole na kuliachia polepole, hata ndani kukawa na hali moja mchana na usiku. Siwasifu kwa yote, maana moshi wa kuni uliojaa humo uliwaumiza macho na mapafu. Bati la leo lina tabia nyingine: mchana huwaka, na usiku wa mbingu iliyo wazi hutupa joto lake juu angani hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe, na pumzi za watu wawili waliofungiwa ndani zikapanda, zikagandamana juu yake, na alfajiri zikadondoka tone moja moja juu ya blanketi. Ukiona matone hayo na hakuna mvua, jua kwamba chumba chako hakipumui.

Basi dirisha lifunguliwe upana wa vidole vinne, usiku kucha, au litobolewe tundu la hewa juu ya ukuta na kuwekwa wavu wa kuzuia mbu. Kitanda kisogezwe mbali na upepo unaoingia, kwa kuwa tunachotaka kupoa ni chumba na kichwa, wala si mgongo wako. Badala ya blanketi moja zito la nailoni, ambalo halina mapatano, ama lote mwilini ama lote sakafuni, jifunike shuka ya pamba kwanza, kisha mablanketi mawili mepesi, upate kupunguza moja tu joto likizidi bila ya kuamka sawasawa. Nguo ya kulalia iwe ya pamba. Sweta uliloshinda nalo shambani halifai kulaliwa.

Na miguu usiisahau. Mwaka 1999 wataalamu wa Basel, nchini Uswisi, walionyesha kwamba mtu mwenye miguu yenye joto hushikwa na usingizi upesi zaidi, kwa kuwa miguu iliyopata joto ndiyo inayoufungulia mwili njia ya kutoa joto la ndani, ambapo miguu iliyoganda hulifungia. Kwa hiyo oga, au walau uoshe miguu, kwa maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala, uvae soksi, na kama kitanda ni baridi mno, utie maji ya moto katika chupa iliyofungwa barabara, uizungushie kitambaa, na kuiweka mahali miguu itakapokaa. Chupa hiyo itafanya kazi yote uliyokuwa ukiitaka kwa jiko. Pombe ya jioni, kama unaionja, iache; huleta joto la uongo kwenye ngozi na kuuvunja usingizi usiku wa manane.

Ukifanya haya kwa muda wa wiki mbili na jasho likaendelea kulowesha shuka, nenda kituo cha afya, wala usifanye ajizi. Kwa umri wako huenda ikawa ni mabadiliko ya kukoma hedhi, ambayo hayana hatari na yana matibabu. Lakini jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, au kukonda, hutaka kupimwa kifua kikuu, ambacho tiba yake katika vituo vya serikali ni bure. Na kwa kuwa wewe ni mfugaji, mwambie tabibu hivyo tangu mwanzo: ugonjwa wa bruselosi, upatikanao kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kumzalisha ng'ombe mikono mitupu, huleta homa za kwenda na kurudi, maumivu ya viungo, na jasho kama hilo lako. Maziwa yachemshwe, hata yale ya mtoto anayeyapenda ya moto kutoka kiweleni.

Dirisha, mablanketi na soksi waweza kuyafanya polepole, kadiri ya nafasi. Jiko lilale nje tangu usiku wa leo.