Unene wa Watoto: Tusimlaumu Mama Peke Yake

Kijitabu cha wazazi, walimu na viongozi wa mitaa

Tatizo lina ukubwa gani?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 1990 walikuwa asilimia 8 ya rika hilo. Mwaka 2022 walifika asilimia 20. Nchi zinazoendelea hazikusalimika. Siku hizi nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mwenzake aliyenenepa kupita kiasi. Unene huo huweza kuleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya viungo.

Watoto wananenepa kwa nini?

*Sifa tunazozitoa.* Mtoto akinona, mama husifiwa kwa matunzo. Akiwa mwembamba, hata kama ana afya njema, mama huulizwa kama anamlisha.

*Chakula kinachopatikana.* Mzazi anayewahi kazini alfajiri humwachia mwanawe hela ya kula. Nje ya geti la shule hela hiyo hununua chipsi, maandazi na juisi ya pakiti. Soda ya mililita 300 peke yake yaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai 8.

*Kukosa pa kuchezea.* Mtoto anahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Lakini asubuhi anapanda basi la shule, jioni yuko tuisheni, na uwanja wa mtaa umeshajengwa fremu za maduka.

Sera zinahusikaje?

Uwanja haujengwi fremu bila mtu kutoa kibali. Bango la shule halipakwi nembo ya soda bila uongozi kukubali. Vibonzo vinavyomwita mtoto kwenye pipi na biskuti hubaki hewani kwa sababu sheria haivikatazi. Mambo haya mzazi hawezi kuyazuia akiwa jikoni kwake.

Wenzetu wamefanya nini?

- Mexico: Januari 2014 ilianza kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari ya kuongezwa. Ununuzi ulipungua.
- Chile: tangu 2016 vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au nishati kupita kiwango hubeba alama nyeusi ya pembe nane. Haviuzwi shuleni, wala havinadiwi kwa vibonzo.
- Afrika Kusini: tangu 2018 hutoza vinywaji vyenye sukari kodi kulingana na kiasi cha sukari hiyo. Viwanda vilipunguza sukari kwenye vinywaji vyao.

Tufanye nini?

- Mzazi: mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Akikua, mzoeshe maji na matunda ya msimu. Usimshindishe njaa wala kumtania kwa mwili wake; mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu.
- Kamati ya shule: kubalianeni na wauzaji walete mihogo ya kuchemsha, ndizi na machungwa. Kipindi cha michezo kisifanywe cha hesabu.
- Serikali ya mtaa: lindeni viwanja vilivyobaki.

Katika mkutano ujao wa mtaa, simama uulize: watoto wetu wanachezea wapi, na nani anaruhusiwa kuwauzia nini shuleni? Dai majibu, na yaandikwe kwenye muhtasari.