Somo la Makatibu: Kupokea Habari kwa Mlisho na Kugawana Mafaili baina ya Vyama



Msimu mmoja wa kahawa, katika chama cha msingi kimoja cha milima ya Tarime ambacho sitakitaja jina, wakulima walifika ofisini kuchukua malipo ya pili wakakuta orodha mbili. Moja ilikuwa katika kompyuta ya katibu, nyingine katika simu ya mwenyekiti. Mafaili yote mawili yalikuwa na jina lile lile, na kila moja lilidaiwa kuwa ndilo la mwisho. Katika moja, mama mmoja mjane alikuwa na kilo 212. Katika jingine alikuwa na kilo 122. Kosa lilikuwa la kidole kilichopindua tarakimu, nalo lilikwisha sahihishwa majuma mengi nyuma. Lakini sahihisho lilibaki kwa katibu, halikumfikia mwenyekiti. Nilikuwapo siku ile kwa kazi ya mafunzo, na ilitubidi kufukua vipande vya stakabadhi za mizani kwa siku mbili ili mama yule arudishiwe kilo zake 90. Mwizi hakuwapo. Palikuwa na faili moja tu lililotembezwa kwa flashi na kwa WhatsApp hata likazaa mengine, na hapana aliyejua yupi mzazi na yupi mtoto.

Maradhi ya pili ni ya matangazo. Taarifa ya bei, wito wa mkutano mkuu, tarehe ya ukaguzi: yote hutumwa katika makundi ya simu, yakazikwa chini ya salamu za asubuhi, rambirambi na picha za harusi. Katibu anayepata mtandao mara mbili kwa juma hukuta ujumbe mia mbili. Wenye maana ni mmoja, naye haujui uko wapi.

Somo hili lahusu programu mbili za bure zinazoweza kupunguza maradhi haya. Limeandikwa kwa ajili ya anayeanza. Anayejua tayari naomba anistahimilie.

MLISHO WA HABARI

Fikiri vijiji kumi, kila kimoja na ubao wake wa matangazo. Ukitaka habari zote, itakulazimu kuzunguka mbao zote kumi kila siku, na aghalabu utakuta tangazo lile lile la jana. Sasa fikiri una kijana wa kutumwa anayezunguka badala yako, akarudi na yale mapya tu, akayapanga mezani kwa tarehe. Mlisho ndio ubao ulioandikwa kwa namna ambayo kijana huyo aweza kuusoma upesi. Na kijana mwenyewe ni programu iitwayo kisomaji cha milisho. Tofauti na kundi la simu, hapana mtu mwingine awezaye kuingiza maneno yake katikati, wala namba yako ya simu haijulikani kwa yeyote.

Jambo hili si geni. Mlisho wa aina ya RSS ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape ya Marekani, na toleo linalotumika zaidi lilitoka mwaka 2002. Aina nyingine, Atom, ilipitishwa kuwa kanuni mwaka 2005. Google walipofunga kisomaji chao tarehe 1 Julai 2013, wengi walidhani mlisho umekufa. Haukufa, hata vipindi vya redio ambavyo vijana husikiliza katika simu zao hubebwa na mlisho huo huo, ila wao hawauoni.

Kwa kompyuta ya ofisi napendekeza Thunderbird, kwa kuwa makatibu wengi wanaijua tayari kama programu ya barua pepe. Ukiifungua, anzisha akaunti mpya na uchague aina ya milisho, iliyoandikwa "Feeds". Kisha bandika anwani ya mlisho unaoutaka. Kwa kujizoeza, tumia ule wa BBC Swahili, feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml, utaona vichwa vya habari vikijipanga kama barua. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress aghalabu hutoa mlisho ukiongeza /feed/ mwishoni mwa anwani yake. Zile za Blogspot huongezewa /feeds/posts/default. Si kila tovuti yenye mlisho, na ikikosa usijilaumu.

Hapana budi urekebishe mambo mawili mara moja. La kwanza, programu yenyewe hupenda kukagua mara kwa mara mchana kutwa. Iagize ikague mara moja kwa siku, maana bei ya mnada wa kahawa haibadiliki kila saa. La pili, iagize ionyeshe muhtasari badala ya kufungua ukurasa mzima pamoja na picha zake. Mlisho wenyewe ni maandishi matupu, na bando la shilingi chache humtosha katibu kwa muda mrefu. Ndugu wa Sirari na vijiji vya mpakani wazime pia huduma ya data ya ugenini katika simu zao, kwani simu inayonasa mnara wa Kenya huweza kumaliza salio kabla mlisho haujafika.

Chama kikuu nacho kina wajibu wake. Kikiwa na tovuti yenye mlisho na kikaweka humo kila tangazo la bei, tangazo lililotolewa mwezi Machi litapatikana mwezi Desemba kwa tarehe yake, wala hakuna atakayesema hakuambiwa.

KUGAWANA MAFAILI

Kabla ya kuendelea nikumbushe jambo la kwetu. Katika miaka ya 2000, Chuo cha KTH cha Stockholm na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam walishirikiana kujenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti. Walitumia nyuzi za kioo za TANESCO zilizofuata njia ya umeme, wakaunganisha Bunda, Natta na Mugumu: shule, ofisi za serikali za mitaa na hospitali. Mmoja wa watafiti wake, Amos Nungu, baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH. Siku hizo intaneti ya nchi nzima ilitegemea setilaiti, kwani nyaya za baharini zilianza kutufikia mwaka 2009, na kila kipande cha taarifa kilichokwenda nje kilikuwa ghali. Lakini hospitali ya Mugumu na ya Bunda zilipopashana habari katika mtandao wao wenyewe, hapakuwa na sababu ya habari hizo kwanza kwenda Ulaya na kurudi.

Nalitaja hili kwa sababu tumelisahau. Leo karani na katibu walioketi meza moja hutumiana faili kupitia mitambo iliyo ng'ambo, wakitozwa bando kwenda na bando kurudi. Ni sawa na kupeleka barua kwa jirani kwa njia ya Moshi.

Programu iitwayo Syncthing, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Jakob Borg wa Sweden, huondoa mzunguko huo. Hulinganisha folda iliyo katika kompyuta moja na folda iliyo katika nyingine: kilichoandikwa huku huonekana kule. Hapana bohari la katikati linalohifadhi mafaili yako. Kompyuta zikiwa katika mtandao mmoja wa waifai hujuana zenyewe, hata kama intaneti imekatika kabisa. Zikiwa mbalimbali, moja Tarime mjini na nyingine Mugumu, hupitia intaneti, na yanayopita hufungwa kwa siri ili asiyehusika asiyasome.

Baada ya kuisimika, programu hufunguka ndani ya kivinjari kwa anwani 127.0.0.1:8384. Usitishwe na tarakimu. Maana yake ni kompyuta yako mwenyewe. Weka nenosiri hapo hapo. Kila mashine hupewa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu 56. Kitambulisho cha katibu huandikwa katika mashine ya mwenyekiti, na cha mwenyekiti katika ya katibu. Pande zote mbili lazima zikubali, kama ilivyo kwa saini mbili za hundi, nami naona huu ndio uzuri wake mkubwa kwa chama cha ushirika. Kisha katibu huchagua folda, tuseme "Mapokezi ya Kahawa", akaigawa kwa mwenyekiti. Mwenyekiti hupata ombi kwenye kioo chake, akalikubali.

Hapo ndipo wengi huishia wakidhani kazi imekwisha, nami hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo chama huumia.

Kwanza, kulinganisha si kuhifadhi. Ukifuta faili kwako, litafutika na kwa mwenzako, kwa utii ule ule. Nimemwona katibu akisafisha kompyuta yake ijae nafasi, na jioni daftari la wanachama likawa limetoweka katika mashine tatu. Kwa hiyo, katika maelezo ya folda tafuta sehemu ya matoleo ya faili, iliyoandikwa "File Versioning", uiwashe, tena katika mashine ya kila mmoja. Kwa namna hiyo faili lililofutwa au kubadilishwa na mwenzako hubaki pembeni kwa muda utakaouweka. Juu ya hayo, nakala ya kila mwezi iwekwe katika diski isiyounganishwa na mashine yoyote, ikafungiwe kabatini pamoja na vitabu. Stakabadhi za karatasi msizichome. Ndizo zilizomwokoa mama yule, na mkaguzi wa COASCO atakapokuja ataziuliza.

Pili, watu wawili wakiandika katika faili moja kabla mashine zao hazijaonana, programu haitaamua nani mkweli. Hubakiza faili moja kwa jina lake, na jingine hulipa jina lenye maneno "sync-conflict" na tarehe. Ukiyaona maneno hayo usifute kitu. Fungua yote mawili, linganisha mstari kwa mstari, na ikibidi rudi kwenye kitabu cha mizani. Lakini heri zaidi ni kuzuia: kila faili liwe na mwandishi mmoja. Karani wa mizani aandike la kwake, mweka hazina la kwake, na katibu ndiye ajumlishe. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi wapewe folda ya kupokea tu, inayoitwa "Receive Only", ili wasome bila kuweza kubadili kilo za mtu kwa wenzao. Bodi nyingine zitanung'unika kwa hili. Zielezwe kuwa hata katika daftari la karatasi mwenyekiti hakupata kushika kalamu ya karani.

Tatu, mashine mbili hulinganishwa zikiwa zimewashwa wakati mmoja. Chama chenye umeme wa jua kinachowasha kompyuta saa nne asubuhi, na kingine saa kumi alasiri, havitaonana kamwe. Vipange saa moja ya pamoja, tuseme kila Jumatano na Jumamosi, au kompyuta ya chama kikuu iachwe ikiwaka iwe kiungo cha wote. Kuhusu simu, siwashauri wanaoanza: programu rasmi ya Syncthing kwa simu za Android ilisitishwa Desemba 2024, na zilizopo zimeendelezwa na watu wengine. Anzeni kwa kompyuta.

Tena kuna sheria. Orodha ya wanachama ina majina, namba za simu, akaunti za benki na kiasi alicholipwa kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde. Kutupa orodha nzima katika kundi la simu la watu 200 si kuilinda. Katibu akiondoka madarakani, au kompyuta ikiibiwa, mashine yake iondolewe siku hiyo hiyo katika orodha za mashine zote zilizounganishwa nayo, na muhtasari wa bodi uandike kuwa imeondolewa. Zingatieni kuwa kuiondoa hakufuti kilichomo ndani yake tayari.

ZOEZI

Kabla ya msimu kufunguliwa, katibu na karani wa kila chama wafanye hivi. Tengenezeni folda iitwayo "Jaribio" yenye faili moja la majina matano ya kubuni na kilo zake. Igaweni baina ya kompyuta mbili, mkiwa chumba kimoja na data imezimwa. Badilini kilo za mtu mmoja, mkaone zikibadilika upande wa pili. Halafu karani afute faili makusudi, na katibu alirudishe kutoka katika matoleo ya zamani ya mashine yake. Akishindwa kulirudisha, folda ya kahawa isigawiwe bado. Andikeni mlipokwama mkatuletee ofisini mnapokuja kuchukua magunia.